Wageni Mliokuja Kukaa Nasi Bulyanhulu

(Mazungumzo haya tuliyaandaa kwa ajili ya wageni wanaokuja kufanya kazi mgodini, mashuleni na katika zahanati za vijiji vya jirani na Bulyanhulu. Tunayachapa hapa ili na ninyi wasomaji mlio wenyeji myasome, na palipopungua mwongeze.)

Ndugu wageni, mwangaluka!

Hilo ndilo neno la kwanza tunalowapa, na halina bei. Ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Jua likishapanda, mpaka jioni, twasema "mwadila". Anayesalimiwa hurudisha neno lile lile. Ni jepesi. Mtajifunza kwa siku moja.

Lakini msidhani kwamba mtu akishasema mwangaluka kazi imekwisha. Hapo ndipo salamu inaanza. Utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za huko ulikotoka, za mvua, na kama unafuga utaulizwa za ng'ombe. Tena utaulizwa wewe ni wa nani, maana yake baba yako ni nani na ukoo wenu ni upi. Wageni wengi wakisikia swali hilo hushtuka. Hudhani wanapelelezwa. La, hampelelezwi. Kwetu sisi mtu asiyetaja baba wala babu ni kama mtu aliyedondoka kutoka mawinguni, na mtu wa namna hiyo hatujui tumweke wapi. Basi taja jina la baba yako, hata kama ni jina la Johannesburg au la Manila. Mzee atalirudia, atalikosea, mtacheka wote, na kuanzia siku hiyo huenda akakuita kwa jina hilo la baba yako.

Kila nchi ina adabu yake. Huko Ufilipino kijana akikutana na mzee huushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, na mgeni huambiwa mapema ayajue hayo. Hapa kwetu vijana na akina mama hukunja goti kidogo wakimsalimia mtu mzima. Wewe mgeni hatukudai upige goti. Tunachokuomba ni kidogo: usimsalimie mzee mkono ukiwa mfukoni, na usimsalimie kutoka dirishani mwa gari. Hili la gari tunalisema kwa nguvu. Gari linapita, vumbi linatufunika, halafu mkono unatoka dirishani unapunga. Hiyo si salamu. Simamisha gari, shuka, sema mwadila, uulize habari, kisha uende zako. Dakika tatu tu. Mwanamke mtu mzima mwite "mayu", yaani mama. Mwanamume mwite "baba". Mzee sana mwite "guku", babu. Na mtu akikupa kitu, sema "wabeja", ndiyo asante yetu, na ukipokee kwa mikono miwili.

Sasa mjue mmefika kwa nani. Neno Sukuma maana yake ni kaskazini. Waliokaa kusini, upande wa Tabora, waliwaita watu wa huku Wasukuma, yaani watu wa kaskazini, nao wa huku waliwaita wale Badakama, yaani watu wa kusini. Sisi wa Bulyanhulu tuko katikati hapo. Tumechanganyika Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi, na tangu dhahabu ilipojulikana katika miaka ya 1970 wamekuja Wahaya, Wakurya, Waha, Wajita na wengineo. Kwa hiyo pale Kakola senta Kiswahili kinatosha kabisa, hata cha kuvunjavunja. Ila ukiingia ndani, kule Lunguya au Segese, utawakuta wazee ambao Kisukuma ndicho wanachokiota usiku. Maneno yako kumi ya Kisukuma yatafanya kazi kubwa kuliko pesa.

Majina yetu nayo yana habari ndani yake. Ukikutana na Kulwa, ujue ni pacha wa kwanza, na Doto ni pacha wa pili. Shija ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Ukiyajua hayo unaweza kumwuliza Shija, "Je, Kulwa na Doto hawajambo?", naye atastaajabu umewajuaje.

Ndugu wageni, lipo jambo ambalo hatupendi kulificha. Mtalisikia tu, kama si kwetu basi kilabuni. Ni habari ya mwaka 1996.

Kabla ya mwaka huo maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba hapa kwa mikono, katika mashimo tunayoyaita maduara. Palikuwa na mji mzima wa watu, na mama ntilie na maduka. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali iliwaamuru waondoke, kwa sababu leseni ya eneo hilo ilikuwa ya kampuni. Mwanzoni mwa Agosti maduara yakafukiwa. Wapo waliosema, na wanaosema mpaka leo, kwamba walikuwamo watu mashimoni. Serikali na kampuni walikana. Benki ya Dunia, iliyokuwa imeutolea mradi dhamana, ilipelekewa malalamiko, na ofisi yake ya malalamiko ikatoa taarifa mwaka 2002 kwamba haikuona ushahidi wa kuyathibitisha. Barrick ya Kanada iliununua mradi mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa rasmi mwaka 2001. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mchanga wa madini, ule unaoitwa makinikia, kusafirishwa nje, na kazi ya mgodi ikapungua sana. Watu wengi wakakosa ajira na maduka ya Kakola yakafungwa. Baadaye mwaka 2019 walipatana, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa 16 kwa kila 100, na mwishoni mwa mwaka 2020 uchimbaji wa chini ya ardhi ulianza tena.

Kwa nini tunawaeleza yote hayo? Si kwa kuwalaumu. Wengine wenu mwaka 1996 mlikuwa hamjazaliwa. Tunawaeleza kwa sababu mzee anaweza kukueleza jioni kwamba hapo penye uzio palikuwa shamba la baba yake au duara la ndugu yake. Mgeni asiyejua humjibu haraka, "Lakini mgodi umewajengea shule." Basi hapo umeharibu. Shule tunaiona, nasi tunaishukuru. Lakini mzee hakuuliza habari za shule. Yeye anataka usikilize tu mpaka amalize. Akimaliza, sema pole. Neno pole halikiri kosa la mtu yeyote, nanyi mnaotoka kwenye nchi zenye mawakili wengi msiliogope.

Twende kwenye misiba, maana hapo ndipo mgeni anapojulikana kama ni mtu wetu au ni mpita njia.

Mtu akifa kwetu, habari hupita nyumba hadi nyumba upesi. Siku hizi hupita pia kwa simu na kwa kipaza sauti cha pikipiki. Wanaume huenda kuchimba kaburi. Akina mama hubeba kuni, maji na unga, maana watu watakaokuja ni wengi nao lazima wale. Pako mahali karani hukaa na daftari, akaandika jina la kila aliyetoa rambirambi na alichotoa. Hata kama ni shilingi elfu mbili, huandikwa. Hata kama ni debe la unga, huandikwa. Daftari hilo hutunzwa. Siku ya kwako, litafunguliwa.

Vipo vijiji vilivyojiwekea utaratibu kwamba kaya isiyofika msibani bila sababu hutozwa faini. Mwenye shingo ngumu hutengwa. Kutengwa maana yake nini? Watu hawaji kwako. Hupewi moto wala maji, na hata salamu hujibiwi. Ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Wageni wakisikia hayo husema ni ukatili. Pengine ni kweli kwamba mara nyingine huzidi kipimo, na wapo wakorofi wanaotumia kutenga ili kulipiza kisasi. Lakini hebu fikirini. Mkulima asiye na bima, asiye na gari la kukodi, asiye na pesa benki, siku ya kufiwa anamtegemea nani? Anawategemea jirani zake basi. Kwa hiyo jambo hili hatulifanyii mchezo.

Mgeni afanye nini? Afike. Huo ndio ushauri wetu mkubwa kuliko yote ya leo. Kama una zamu mgodini, fika baada ya zamu, hata usiku, watu wako nje wanaota moto. Usije na mavazi ya kazi yenye kung'aa kama unaenda chini ya ardhi. Mwanamke avae khanga au kitenge. Kaa chini na wenzako upande wao, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Usitafute kiti; kama kipo utaletewa. Toa rambirambi yako kwa karani na useme jina lako vizuri ili aliandike. Kisha kaa. Usiangalie saa. Mgeni mwenye pesa hutuma bahasha kwa mtoto, naye mwenyewe haonekani, akadhani amefanya vema kwa kuwa bahasha ina pesa nyingi kuliko za watu kumi. Bahasha itapokelewa na kuandikwa. Lakini yule kijana fukara aliyeshika jembe akachimba kaburi atakumbukwa zaidi. Ukiweza, nawe shika jembe zamu moja. Watakunyang'anya haraka wakiona unachoka, lakini umeshashika.

Na tafadhali, usipige picha. Msibani usipige kabisa. Mahali pengine omba kwanza. Wachimbaji wadogo hawapendi kupigwa picha wakiwa kwenye karasha au wakiosha mchanga, na wana sababu zao.

Baada ya msiba, usalama. Ukihamia nyumba ya kupanga, siku ya kwanza au ya pili nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe. Peleka kitambulisho. Mwambie unatoka wapi, unafanya kazi gani, na mko wangapi nyumbani. Usingoje aje kukuuliza. Mwulize pia habari za Sungusungu. Jeshi hili la jadi lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu za Kahama na Nzega, wakati wezi wa ng'ombe walipozidi na wananchi wakaona polisi wako mbali. Mwaka 1989 likatambuliwa kwa sheria. Mambo yake mengine yamelalamikiwa, kwa haki kabisa, hasa watu kupigwa na kuhukumiwa pasipo mahakama. Lakini usiku mwizi akikuvunjia mlango, hao ndio watakaofika kwanza. Ukisikia mwano, yaani yowe la hatari, wanaume hutoka. Mgeni ambaye mwano ukipigwa yeye huzima taa na kufunga mlango, asubuhi watu wanajua. Si lazima ukimbie mbele na mkuki. Toka nje, washa taa, ungana na wengine, uliza kuna nini. Na mkimkamata mtu, ninyi mliosoma semeni kwa sauti apelekwe polisi akiwa hai. Hapo mtakuwa mmetusaidia sana.

Chakula hatutasema mengi, mtakula tu. Ugali upo, wa mahindi au wa mtama, na wali wa Kahama hamtapata mzuri kuliko huo. Mboga ni mlenda, sato na dagaa kutoka ziwani, na maziwa ya mgando. Viazi vitamu tunavikausha tupate akiba ya kiangazi: vikikaushwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Matobolwa na chai ya asubuhi, mgeni akishazoea hataki mkate. Mnanawa mikono, mnakula sahani moja, mkono wa kulia. Ukikaribishwa usikatae moja kwa moja. Kama umeshiba onja tonge moja.

Kule vijijini, si Kakola, jioni wanaume na wavulana hukaa penye moto wa uani. Mahali hapo twapaita shikome. Hapo ndipo babu zetu walipofundishia. Hapakuwa na ubao wala chaki, lakini mtoto alitoka hapo akijua ukoo wake, mipaka ya mashamba, magonjwa ya ng'ombe, hadithi na vitendawili. Siku hizi shikome nyingi zimezimika, vijana wako kwenye vibanda vya video wanatazama mpira wa Uingereza. Hatuwalaumu, hata sisi wazee tunaupenda mpira huo. Lakini ukikuta shikome inayowaka, kaa. Usiwe na haraka ya kuuliza maswali kama mtu wa takwimu. Utajifunza huko kuliko katika semina.

Alikuwapo mgeni mmoja aliyejifunza hivyo. Ni Padri David Clement, mtu wa Kanada, aliyefika Usukuma na kukaa Bujora karibu na Mwanza tangu miaka ya 1950. Alikijua Kisukuma, akazijua nyimbo na ngoma zetu, akakusanya ngoma za watemi, viti vyao na vyombo vya kale, ndipo ikaanzishwa makumbusho ya Bujora iliyopo hadi leo. Watu wakampa jina la Kisukuma, Fumbuka. Kila mwaka mwezi wa Juni huko Bujora huchezwa Bulabo, sikukuu ya ngoma. Makundi ya Bagika na Bagalu hushindana. Makundi hayo yalianzishwa na waganga wawili wa kale, Ngika na Gumha, waliobishana nani zaidi. Wako wanaocheza na majoka, na wako wanaocheza bugobogobo wakiwa na majembe mikononi. Mkipata likizo ya mwezi wa Juni nendeni. Tazameni pia huyo Mkanada mmoja aliacha nini, mpate kulinganisha na wageni wengine waliofuata madini tangu Dk. Williamson, naye Mkanada, alipopata almasi ya Mwadui mwaka 1940. Hatusemi kwamba kila mgeni awe padri. Tunasema inawezekana.

Yako mambo manne ya hatari. Tutayasema wazi.

La kwanza ni dhahabu ya mlangoni. Mtu atakuja usiku, kijana mpole sana, na kipande ndani ya karatasi. Atasema mama yake anaumwa, atakuuzia kwa bei ya kutupa. Usinunue. Usishike hata kukitazama. Mara nyingine ni shaba iliyosuguliwa, mara nyingine ni dhahabu kweli lakini ya wizi, na nyuma yake yuko mtu anayengoja kukukamata. Kuanzia mwaka 2019 yako masoko ya madini, Geita na Kahama pia, na biashara ya dhahabu hufanyika huko kwa leseni.

La pili ni waganga wa bahati. Mganga wa mitishamba ni mtu mwingine, tunamheshimu. Tunamsema mpiga ramli anayemwambia mchimbaji kwamba hapati dhahabu kwa sababu anahitaji kitu fulani cha mwili wa mtu. Kanda yetu ya Ziwa imepata aibu kubwa kwa ajili ya hao. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na wapo wachimbaji na wavuvi waliotajwa kuwa wanunuzi. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Na akina bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ati ni wachawi. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Ni moshi! Sisi tulipopata elimu ya watu wazima ndipo wengi wetu tulipoelewa jambo hilo. Ninyi wauguzi na walimu, lisemeni kila mkutano. Na mgeni yeyote akisikia minong'ono kwamba bibi fulani "anatafutwa", asiseme hayo ni mila zao hayanihusu. Aende kwa mtendaji siku hiyo hiyo. Mila ya kumwua bibi hatuna.

La tatu ni mabinti. Mshahara wa mgodi una kelele. Binti wa shule anaona simu mpya, nauli ya bodaboda, chipsi, na mtu mzima anajua anachofanya. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi hufungwa miaka thelathini. Wapo wazazi watakaokuja kwako kimya kimya kutaka mlimalize kwa ng'ombe. Wanakosea wao, na utakosea wewe ukikubali. Mtaona pia minadani na ngomani vijana wanamzingira binti, wanamwambia "chagulaga", yaani chagua mmoja wetu. Wengine huita utamaduni. Siku hizi wengi wetu tunaona ni kumwonea msichana, na mgeni asijiingize kuucheza. Kama unapenda mwanamke mtu mzima na unataka kuoa, mtafute mzee mmoja akuongoze. Mahari yetu ni ng'ombe, na hupatanwa mbele za watu, kwa maneno mengi na utani mwingi. Usiende na bunda la noti kama mnunuzi wa pikipiki.

La nne ni ngitili. Mgeni huona pori lenye nyasi nzuri, hakuna mtu, hakuna ng'ombe, akasema hapa ni bure, nikate kuni, niweke matofali. Hapo si bure. Ngitili ni malisho yaliyofungwa makusudi wakati wa masika ili ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Ziko za kaya na ziko za kijiji. Shinyanga iliwahi kuwa karibu jangwa. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 uliwarudisha watu kwenye ngitili za babu zao, na miti ikarudi katika zaidi ya hekta 300,000. Kwa hiyo kabla hujakata mti, uliza ni pa nani.

Limebaki suala la pesa za mkopo. Ukishajulikana una mshahara, utaombwa. Karo, dawa, mbolea, bati. Wageni wana tabia mbili: mmoja humpa kila mtu mpaka akafilisika na kuchukia watu, mwingine humkatalia kila mtu na kufunga geti. Twawashauri hivi. Usimkatalie mtu mlangoni kwa neno "hapana" kavu. Kwetu neno hilo ni kama kofi. Sema "ngoja nitazame", au "mwezi huu nimebanwa", naye ataelewa. Ukitoa mkopo, toa kiasi ambacho kisiporudi hutamchukia mtu. Na mwenzako akikuletea kuku au mahindi mabichi baada ya mavuno, pokea, wala usimlipe. Ukimlipa umemwambia kwamba hamjuani.

Na mkataba wako ukiisha, tunakuomba usiondoke kimya. Wengi hupanda basi la alfajiri, jirani akaja asubuhi na maziwa akakuta kufuli. Siku tatu kabla, pita nyumba kwa nyumba uage. Mwenyekiti wa kitongoji mwambie tarehe, ili asikuhesabu tena kwenye zamu za ulinzi. Deni la dukani lipa. Na umeme na maji uyamalize na mwenye nyumba mkiwa pamoja mbele ya mita, maana ukishaenda yeye ndiye atakayekatiwa.